Kwa Zubeda, kuhusu dawa za Nassor

Mkomani, Lamu

Shoga yangu Zubeda,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata. Huku tu wazima, ila kusi imeanza na mashua za Shela zinarukaruka hadi mtu atapike.

Hayo ya mwanao Nassor kutaka kuacha dawa za akili kwa sababu amenenepa na suruali hazimwingii, nimeyasoma nikamwona kakangu Athmani. Naye alipoanza olanzapini, mojawapo ya dawa hizo, zile sauti alizokuwa akizisikia peke yake zilipungua, akalala usiku, sote tukashukuru. Kisha ikaja njaa. Atakula mahamri na mbaazi mpaka sahani ing'ae, na kabla ya adhuhuri yuko jikoni anafunua masufuria. Mama akifurahi, akimwongezea. Mtaani nako, "Mashaallah, umenawiri!" Wawajua watu wetu: aliyekonda ndiye huulizwa ana nini. Kumbe mwenyewe aona haya, hata barazani hataki kukaa.

Usimwite Nassor mlafi, tafadhali. Dawa hizi humtuliza mtu akili, lakini baadhi yake huziba pia vipokezi, yaani milango ya kemikali za ubongo ziitwazo histamini na serotonini, hamu ya kula ikapanda na shibe isije. Olanzapini na klozapini ndizo zinazonenepesha zaidi. Risperidoni na kwetiapini ziko katikati, aripiprazoli na haloperidoli kwa kawaida huongeza kidogo. Ila haloperidoli nayo ina yake, mikono hutetemeka na mwili ukakakamaa. Na kilo huingia mbio miezi ya mwanzo, ndiyo maana nakupigia kelele sasa.

Kuacha ghafla asithubutu. Ugonjwa ukirudi, huenda ukarudi kwa kishindo, na suruali zitakuwa jambo dogo. (Kwanza kanzu zina kazi gani?) Mpelekeni kliniki apimwe uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta kwenye damu. Hayo mawili ya mwisho yaweza kupanda kimyakimya. Kisha aulize mwenyewe kama dawa yaweza kubadilishwa. Usimsemee wewe, nakujua, utamaliza maneno yote kabla hajafungua kinywa.

Athmani hakubadilishiwa, maana ile imemfaa. Daktari alimwongezea metformini, dawa ya sukari ambayo hupewa hata asiye na kisukari ili kilo zisizidi kupanda. Soda tumezitoa nyumbani. Alasiri, maji ya bahari yakipwa, mimi naye twaenda Shela kwa miguu, yeye akilalamika njia nzima. Kurudi alivyokuwa hajarudi, uzito umesimama tu, nami naridhika. Halwa ndiyo tumeshindwa kumwachisha, na Mama ndiye mnunuzi.

Niandikie jina la dawa ya Nassor na miligramu zake, na daktari akisema neno uniarifu. Nisalimie Mama Mkubwa.

Wako,
Mwanaidi