Hela ya bweni ya Zuhura

Columbus, Ohio
2 Machi 2025

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salaam aleikum. Sauti yako ya jana nimeisikiliza mara mbili, nikaona simu haitoshi, bora nikuandikie. Kwanza tulia. Hakuna anayekuja kukunyang'anya kitu.

Unauliza kama ufadhili wa Zuhura unakatwa kodi. Kilichokwenda kwenye ada, michango ya lazima na vitabu vya masomo yake hakiguswi. Kilichokwenda kwenye bweni, chakula na nauli ni kipato, tena kipato chake yeye, si chako. Na huyo jirani aliyekutia hofu kuwa ufadhili mkubwa unamtoa mtoto kwenye utegemezi wako, mwambie kakosea. Kwa mwanafunzi anayesoma muda wote, aliye chini ya miaka 24, ufadhili hauhesabiwi katika kupima nani anamlisha.

Sasa sikia yaliyonifika mimi kwa mwaka wa 2023. Mtu niliyempa kazi ya kodi aliitupia jicho 1098-T ya mwanangu Idi, ile fomu ya chuo ya ada na ufadhili: kisanduku cha 5, ufadhili, dola 16,000, kisanduku cha 1, ada, dola 11,000. Akaisukuma pembeni kwa ncha ya kalamu. "Ufadhili umezidi ada, mama, hapa huna chako." Nikamlipa, nikaondoka, karatasi nikaitia droo ya vijiko.

Miezi minane baadaye nikakutana na bibi mmoja mstaafu anayewajazia watu fomu bure. Aliuliza mambo mawili tu. Bweni na chakula mlilipa ngapi? Elfu tisa. Barua ya ufadhili inasema pesa ni za ada peke yake? Haisemi.

Basi akaipanga hesabu upya. Ada na vitabu vya dola 800 vilifika 11,800, kwa hiyo 4,200 za ufadhili zilikuwa tayari ni kipato cha Idi. Akasema tuhesabu 4,000 nyingine nazo zimelipa bweni, maana yake 4,000 za ada tumezitoa mfukoni. Ukijumlisha na 3,000 alizopata kwa kupanga vitabu maktaba ya chuo, Idi akawa na 11,200. Hela hiyo ya bweni, kwenye kupima kiasi kisichotozwa kodi, huchukuliwa kama mshahara, na mwaka ule mstari ulikuwa 13,850. Kodi ya Idi ikawa sufuri. Mimi nami, kwa zile 4,000, nikastahiki nafuu ya kodi wanayoiita American Opportunity, dola 2,500 kamili. Tukajaza 1040-X mbili, fomu za kurekebisha hesabu za kodi, yake na yangu. Shoga, dola elfu mbili na mia tano zimelala na vijiko!

Si ujanja, IRS, watoza kodi wa Marekani, wenyewe wanaruhusu, mradi masharti ya ufadhili hayakatazi. Kwa 2024 mstari ni 14,600. Ila usijaze kwa pupa: Zuhura akiuvuka, sehemu ya hela ya bweni inaweza kutozwa kwa kiwango chako wewe mzazi, nacho si kidogo. Bahati yako uko Texas, jimbo halina kodi ya mapato. Mimi huku Ohio nina fomu ya pili.

Na mzuie asifaili peke yake kwenye simu. Idi alifanya hivyo usiku mmoja wa Februari, kwenye swali la kama kuna anayeweza kumdai kuwa tegemezi akabonyeza hapana. Nilipotuma yangu nikimtaja kuwa tegemezi, kompyuta ikairudisha. Nilimwita kwa majina yake yote matatu.

Mwisho ni 15 Aprili. Nitumie picha ya 1098-T, barua ya ufadhili na risiti ya bweni, tukae Jumapili baada ya Adhuhuri tuzipitie pamoja. Piga picha wewe mwenyewe, Zuhura hukata pembe.

Msalimie baba yao.

Wako,
Mama Idi