Safari ya pikipiki na uvuvi, Arusha hadi Babati

Ndugu wanakikundi,

Tutaondoka Arusha Jumamosi saa 12 kamili asubuhi kwa barabara ya lami inayopita Makuyuni, Minjingu na Magugu hadi Babati, mwendo wa kilomita zipatazo 170. Tafadhali jazeni mafuta na kukaza minyororo tangu Ijumaa, na kila atakayepakia mtu ahakikishe naye ana kofia ngumu. Baada ya Makuyuni tupunguze mwendo, kwani ng'ombe huvuka barabara bila kumwomba mtu ruhusa.

Tutatupa ndoano Ziwa Babati Jumamosi alasiri na Jumapili asubuhi, tukilenga perege na kambare. Vibali vya uvuvi vishughulikiwe mapema, kwa kuwa sheria inavitaka. Ziwa hilo lina viboko, ambao hutoka majini usiku kwenda malishoni. Hivyo pasipo na mwanga wa kutosha hakuna kukaa ukingoni, na ukiona njia pana iliyokanyagwa kati ya nyasi na maji, usiketi hapo hata kama samaki wanaonekana wakiruka. Katika hili sitakubali mjadala.

Magugu tutanunua mchele, ila kwa maoni yangu tuununue wakati wa kurudi.

Thibitisheni ushiriki wenu kabla ya Alhamisi jioni.

Mratibu