Mhariri, watoto wa mazoezi wapimiwe protini kwa kilo zao

Ndugu Mhariri,

Mi ni mzazi na pia nafundisha mpira watoto wa miaka 9 mpaka 13, najitolea tu. Naandika manake kuna kitu kimeniuma. Juzi mtoto mmoja wa miaka 11 kaja mazoezini na kopo kubwa la unga wa protini, lile la wanyanyua vyuma, kavaa begi limemlemea. Nikamuuliza umekula nini asubuhi, akasema nimekunywa huu na maji basi, baba kasema nitapata misuli. Dakika ya 20 kakaa chini, uso umempauka, miguu haina nguvu. Nikasoma lebo, kijiko kimoja protini gramu 24, na anakunywa viwili kwa siku. Mtoto mwenyewe ana kilo 34!

Wazazi wenzangu, hesabu yake wala si ngumu. Mtoto wa miaka 4 hadi 13 kiwango kinachopendekezwa ni gramu 0.95 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, akifika 14 hadi 18 inashuka kidogo inakuwa 0.85. Kwahiyo huyu wa kilo 34 ni kama gramu 32 hivi. Najua mtaniambia lakini huyu anacheza, na ni kweli anayefanya mazoezi sana anahitaji zaidi, mwili unajenga na unakarabati kwa wakati mmoja. Kuna utafiti walifanya kwa vijana wa kiume wanaocheza mpira, wa miaka kama 14, wakapima naitrojeni inayoingia mwilini na inayotoka (protini ndo inabeba naitrojeni, ndo maana inapimwa hivyo), wakafikia gramu 1.4 kwa kilo. Haya, hata tukimpa huyu mdogo hiyo 1.4 ya wakubwa zake anafika gramu 48 hivi.

Sasa angalia sahani. Mayai mawili gramu 12, glasi mbili za maziwa 16, kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva 15, slesi mbili za mkate kama 6. Ishafika 49 na nyama hatujaigusa, samaki hatujaigusa, na wali wa usiku nao una protini yake kidogo ambayo watu hawaihesabugi kabisa.

Ila kitu ambacho wazazi wengi hawakioni ni nguvu yenyewe, yaani kalori. Utafiti uleule ulionyesha mwili unatunza protini vizuri zaidi pale mtoto anapokula chakula cha kutosha kwa jumla, akiwa na njaa mwili unaichoma protini kama kuni, ile ile uliyonunua kwa hela nyingi ikajenge misuli inaishia kuwa nguvu ya kukimbilia tu. Yule kijana wangu hakukosa protini hata kidogo, alikosa wanga, alikosa chai na mkate tu! Mtoto anayekimbia saa moja na nusu na bado anarefuka anahitaji kula, tena vizuri, kabla na baada, na protini yake igawanywe asubuhi mchana na jioni, isirundikwe yote usiku.

Na hayo makopo, madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao wanasema watoto wengi hawayahitaji. Mengine yamewahi kukutwa na vitu visivyoandikwa kwenye lebo, mtu mzima ajiamulie mwenyewe lakini mtoto hajui anachokunywa.

Wapo wa kuangaliwa kwa karibu, siwasahau. Mtoto asiyekula nyama wala maziwa wala mayai achanganyiwe maharage, dengu, karanga, soya na nafaka, inawezekana kabisa ila ipangwe. Anayejinyima ili apungue kilo za mashindano, huyo ndo ananitia hofu kuliko wote. Na mwenye shida ya figo asiongezewe protini wala kupunguziwa bila daktari wake.

Nimeongea na baba wa yule mtoto, alinisikiliza vizuri na kusema kweli alikuwa anamtakia mema tu, hakuna aliyewahi kumwambia protini inapimwa kwa kilo za mtoto. Naomba Mhariri uichape hii kabla likizo haijaanza, manake ndo wakati makambi ya watoto yanafunguliwa na makopo yananunuliwa.

Mzazi na kocha wa watoto