Harambee ya Wavulana Wetu Wawili, Septemba 7, Uwanjani Shuleni

Wazazi wenzetu, mliosoma hapa na majirani wote, tunawasalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Tunaona haya kuwapigia hodi tena baada ya mchango wenu wa matangi ya maji. Lakini mvua zikinyesha, mvulana wetu wa miaka 11 hubebwa mgongoni na wenzake kutoka langoni hadi darasani. Akitaka kwenda msalani, hungoja mwalimu wa kiume amwinue. Kuna siku hanywi maji tangu asubuhi ili asimsumbue mtu. Mdogo wake wa miaka 7 bado anatembea, ila akiinuka sakafuni hujisukuma kwa mikono juu ya mapaja, vile vile alivyoanza kaka yake.

Ugonjwa wao ni Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli. Huwapata hasa wavulana, takriban mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Mwili wao hautengenezi distrofini, protini inayokinga utando wa seli za msuli usichanike msuli unapojikaza.

Wengi mmeuliza: mbona vigimbi vyao vimenona na nguvu hawana? Msuli wenye afya huchoma asidi za mafuta ndani ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotoa nguvu, kama jiko linavyochoma kuni. Msuli wa watoto hawa huzichoma kwa shida, na nyuzi zake zikifa, mahali pake hujaa mafuta na makovu. Ndio unene mnaouona. Kwa hiyo anayesema ni uvivu, na anayenong'ona kwamba mama yao hawalishi au amerogwa, aache. Nanyi mnaowapelekea chipsi na mandazi kwa huruma, Mungu awabariki, lakini kila kilo inayoongezeka inailemea miguu iliyokwisha kuchoka.

Kinachotunyima usingizi ni dawa. Prednisoloni, dawa ya aina ya homoni wanayotumia, haiponyi. Huchelewesha siku ya kuacha kutembea, na aliyeizoea hapaswi kuikatiza ghafla, kwa kuwa mwili wake umepunguza kutengeneza homoni ya aina hiyo. Mama yao anauza mboga, na vidonge anavinunua kwa siku chache chache. Siku biashara ikilala, itakuwaje?

Tunaomba dawa ya mwaka mzima, vipimo vya moyo (nao ni msuli), kiti cha magurudumu, njia ya mteremko ya saruji na choo kimoja kipana. Tumechagua Septemba 7 kwa sababu ndiyo Siku ya Duchenne Duniani. Kila mchango utapewa risiti, na hesabu itasomwa mkutanoni na kubandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Sisi ndio tuliochanga hadi vijana wetu wakafika chuo kikuu. Hatuwezi kushindwa na mteremko wa hatua chache. Asiye na pesa alete mfuko wa saruji au kokoto. Mafundi, tunawaomba Jumamosi moja tu, na chakula cha mchana wanawake wa kanisa wameshaahidi kupika.