Nguva ana rangi gani?

Buruburu, Nairobi
Jumapili usiku

Kwako dada Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba Hawi. Sisi huku ni wazima, baridi tu ndiyo inatuchapa, na jana stima zilipotea tangu jioni hadi usiku wa manane, nikapata muda mrefu wa kukaa gizani na kukuwaza. Natumai mama amepata nafuu ya miguu na kwamba Salim ameizoea shule mpya.

Nakuandikia kwa sababu ya yale tuliyobishania mtaani South C, siku ya pilau. Ulisema mbele ya watu kwamba hii kazi ya kuchukua katuni za zamani za Wazungu na kuzirudia na waigizaji weusi ni mitumba. "Ni nguo ya mtu mwingine, Akinyi. Wamepunguza kiuno, wamebadilisha vifungo, wakaileta Gikomba, na sisi tunashangilia kama tumeshonewa." Watu walicheka nami nikanyamaza. Usidhani nilikubali. Nilichotaka kusema kilimhusu Hawi, na Hawi alikuwa amekaa pale pale mkekani akichambua iliki kwenye sahani yake.

Basi nisikilize sasa.

Unaukumbuka mchezo wa sweta? Msichana anachukua sweta ya shule, anaivuta kichwani mpaka shingo yake ikwame kwenye paji la uso, mwili wa sweta unaning'inia mgongoni, na hizo ndizo nywele. Anatembea akizirusha huku na huku, na wenzake wanajua kwamba sasa yeye ni binti mfalme. Mimi niliucheza kule Homa Bay nikiwa darasa la pili, wewe uliucheza Kibokoni kwa mtandio wa mama yako, na miaka yote hii ya urafiki wetu hatujawahi kuambiana kwamba tulijua, tukiwa wadogo vile, kuwa binti mfalme ni lazima kwanza afiche nywele kama zetu. Hawi naye hakufundishwa na mtu. Nilimkuta siku moja mbele ya kioo cha kabati, sweta ya buluu kichwani, anaimba.

Sinema ya nguva mdogo, The Little Mermaid, ilipotoka Mei 2023 alikuwa na miaka mitano, nikampeleka. Halle Bailey, mwigizaji mweusi aliyekuwa nguva Ariel, alipoibuka majini na zile rasta zake nyekundu zikimfuata, niliacha kutazama skrini nikamtazama mtoto. Hakusema kitu. Alishika msuko wake mmoja, ule wa karibu na sikio, akawa anauzungusha kidoleni mpaka taa zikawashwa. Jioni hiyo alicheza nguva sebuleni, leso yangu imefungwa kiunoni iwe mkia, na kichwani hakuwa na kitu. Sweta ilikuwa kwenye kiti. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikiiangalia ile sweta, na machozi yalinijia, Zuhura, nakuambia ukweli.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Nyingine zote zinaisindikiza.

Waliokasirika tangu Julai 2019, Halle alipotangazwa kuwa nguva, na wakakasirika upya Septemba 2022 kionjo kilipotoka, walisema hadithi ya asili inaharibiwa. Nimeitafuta hiyo asili. Hans Christian Andersen aliiandika Denmark mwaka 1837, na ni kweli alimpa nguva wake macho ya buluu na ngozi laini kama waridi. Lakini nguva wake anakatwa ulimi. Kila hatua anayopiga nchi kavu ni kama kukanyaga visu, mwana wa mfalme anaoa mwingine, na mwili wake unayeyuka kuwa povu la bahari. Katuni ya 1989 iliuondoa msiba wote huo ikaweka harusi. Moyo wa hadithi ulibadilishwa, na sikumbuki kelele kama hizi. Ngozi ilipobadilika ndipo watu wakakumbuka asili.

Na wewe, mtoto wa Mombasa, umelelewa na Abunuwasi. Unajua vizuri kwamba Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad enzi za Harun al-Rashid, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Lakini Abunuwasi wa bibi yako alikuwa jirani wa mtaa wa pili. Alikula mnachokula, akaongea kama mnavyoongea, akawadanganya matajiri mnaowajua kwa sura. Je, huo ulikuwa mtumba? Bibi yako alikuwa na haki ya kumvika Abunuwasi kanzu ya Pwani kwa sababu hadithi ikishafika barazani ni ya msimulizi. Hata huyo msichana wa kiatu kilichopotea, tunayemjua kwa jina la Cinderella, Wachina walikuwa wakimsimulia kwa jina la Ye Xian, na mifupa yake ya samaki yenye miujiza, karne nyingi kabla Perrault hajamwandika Ufaransa mwaka 1697. Nani basi ana hatimiliki ya rangi yake? Mwaka 1997 mwimbaji mweusi Brandy alimwigiza kwenye televisheni ya Marekani. Mama wa mwana wa mfalme alikuwa Whoopi Goldberg, baba yake Mzungu, na mwana mwenyewe aliigizwa na Paolo Montalban, mzaliwa wa Manila. Waliizaaje familia hiyo? Hadithi haikueleza, na haikupungukiwa na kitu.

Kuna mahali nakubaliana nawe. Snow White ya 2025 ilinikwaza. Sina neno na Rachel Zegler, mwigizaji mwenye asili ya Colombia, sauti anayo. Lakini jina la yule msichana limetoka kwenye ngozi yake: mama aliomba mtoto mweupe kama theluji, na kioo cha mama wa kambo kinapima uzuri. Watengenezaji wakaona watatue kwa kusema alizaliwa usiku wa dhoruba ya theluji ndipo akaitwa hivyo. Hapo waliogopa. Walikuwa na nafasi ya kuuliza swali lenyewe, kwamba nani aliamua weupe ndio uzuri na kioo kile kilifundishwa na nani, wakapita pembeni. Ukibadilisha rangi katika hadithi ambayo rangi ni nguzo yake, usiigeuze hali ya hewa.

Na lile swali lako kubwa, "Wangemchukua Mzungu awe Mekatilili ungefurahi?" Nisingefurahi hata kidogo. Mekatilili wa Menza alikuwa mtu, ana ukoo na kaburi. Alikamatwa mwaka 1913 kwa kuwahamasisha Wagiriama dhidi ya serikali ya kikoloni, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu. Rangi yake na rangi ya waliomfunga ndiyo habari yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo sikuwashangaa Wamisri waliolalamika mwaka 2023 kuhusu Cleopatra wa Netflix, aliyeigizwa na mwanamke mweusi. Walikuwa wanamzungumzia malkia aliyeishi. Nguva hajaishi popote. Anayeishi ni yule mnyama mnene wa baharini anayekula nyasi huko Kiunga, kama bado yupo, na binamu yake wa nchi kavu ni tembo. Kiswahili chetu kimempa mnyama na yule wa ndotoni jina moja, na hakuna kati yao aliyeandikishwa kabila.

Sasa nije kwenye linalonichoma, ambalo sikuweza kulisema South C.

Mwaka jana shule ya Hawi ilitayarisha igizo la kufunga muhula. Shule sitaitaja. Hadithi haikuwa ya Wazungu, ilikuwa ya kwetu kabisa: mfalme, ukame, na binti anayetolewa kwa mvua. Hadithi unazozitaka wewe. Hawi alikariri maneno yote ya yule binti. Alinisomea jikoni nikiosha sukuma, akapiga magoti kwenye simiti akiomba mvua mpaka nikaacha maji yakimwagika. Aliporudi siku ya kugawiwa nafasi aliniambia amekuwa mti. Nikamuuliza nani binti. Akanitajia mtoto mmoja, mzuri, mpole, rangi ya thao, yaani mweupe-mweupe. Nilikwenda kuuliza kwa adabu. Nikajibiwa kwamba taa za ukumbini hazimwonyeshi Hawi vizuri, na kwamba "binti mfalme lazima avutie." Darasa zima ni watoto weusi, Zuhura. Mwalimu mweusi, hadithi nyeusi, mvua ya kwetu. Na bado binti mfalme alikuwa na rangi yake kabla igizo halijaanza.

Usiku ule Hawi aliniuliza kama mafuta ya aina fulani yangemsaidia. Alikuwa na miaka sita. Nilimweka kati ya magoti yangu, nikachukua chanuo na uzi nikaanza kumsuka upya ingawa misuko yake ilikuwa bado mizuri, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Nilipofika utosini alisema, "Lakini Ariel si mweusi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na taa zilimwonyesha." Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo unaponiambia tuachane na mitumba tushone zetu, nakubali tushone, ila nakuuliza: jicho litakalochagua nani avae ni lipi? Ni jicho lile lile lililokuzwa na katuni zile. Tutaleta hadithi za kwetu na kuzigawa kwa kipimo cha watu wengine. Mtoto mmoja mweusi kuibuka majini kwenye skrini kubwa, mbele ya walimu na shangazi na wauza vipodozi, kunalisahihisha jicho hilo kidogo. Mwaka ule ule Halle Bailey alipotangazwa, Mahakama Kuu yetu hapa ililazimika kuamua kwamba msichana wa Kirastafari asizuiwe kusoma kwa sababu ya nywele zake. Fikiria hilo. Nywele zilizomfukuzisha mtoto darasani Nairobi ndizo alizoogelea nazo nguva.

Na kushona kumeanza, tusijidharau. Katuni ya Tinga Tinga Tales ilichorwa hapa hapa Nairobi, kwa mtindo wa picha za mchoraji Edward Saidi Tingatinga, na tangu 2010 watoto wa Uingereza waliitazama kwenye BBC. Lakini umegundua kwamba wote mle ni wanyama? Kobe hagombaniwi rangi. Pengine ndiyo maana ilipita kwa amani. Katika Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni fupi za Kiafrika wa 2023, Ng'endo Mukii alituletea Enkai, binti mungu mwenye uso wa kwetu, na Hawi ameirudia mpaka naijua kwa sauti.

Mimi ninayoitamani ni ya Nyamgondho, aliyoisimulia nyanya yangu. Mvuvi maskini wa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, anavuta wavu, mle ndani hakuna samaki, kuna mwanamke mzee asiyetamanika kwa sura. Anampeleka nyumbani, naye anamletea ng'ombe wasiohesabika kutoka ziwani. Siku moja mvuvi anarudi amelewa na kumtukana, na yule mwanamke anaondoka bila kelele, anarudi majini, na ng'ombe wote wanamfuata mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Nyanya alikuwa akiwaita kwa rangi zao walipokuwa wakizama. Ningependa kuiona hiyo kwenye skrini kabla sijazeeka. Na ningesimama mlangoni kwa wanaochagua waigizaji, ili yule mzee asije akaibuka wavuni akiwa kijana rangi ya thao.

Mwaka huu igizo lipo tena. Jumanne naenda shuleni mapema, kabla nafasi hazijagawiwa, na nimemwomba mwalimu mkuu dakika kumi. Baba Hawi anasema nisiende na hasira. Nitaenda na Hawi asome lile ombi la mvua, wamsikie kwanza kabla ya kumtazama.

Nina ombi kwako pia. Ulinigusia zamani kwamba bibi yako wa Lamu alikuwa na hadithi ya nguva aliyemfuata nahodha. Muulize mama kama anaikumbuka, uiandike yote hata kama ni vipande, unitumie. Hawi ameshaniuliza kama nguva wa Lamu husukwa na nani, na nimemwambia jibu liko kwako.

Nisalimie Salim na wote nyumbani. Tukijaliwa, likizo ya Agosti tutapanda treni tuje.

Wako akupendaye,
Akinyi