Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: gesi tunayoachia sisi na gesi wanayoachia wao

Wanachama wenzangu, mafundi wa friji, AC na kold rumu, salaam kwenu nyote.

Hesabu za pesa mweka hazina kashazituma kwenye grupu, sitazirudia hapa. Niseme tu ada mwaka huu zimelipwa vizuri kuliko mwaka juzi, na ile mashine ya kunyonya gesi kutoka kwenye friji na AC tuliyoichangia imefika, ipo kwa katibu, anayeitaka aandikishe jina siku moja kabla.

Sasa nataka nijibu lile swali la mkutano uliopita, maana sikulijibu vizuri na limenikaa moyoni. Mwenzetu mmoja alisimama akasema, mwenyekiti, wazungu wamechafua hewa miaka na miaka, leo sisi wenye friji mbili tatu za bucha ndio tuambiwe tusiachie gesi?

Ana haki ya kuuliza. Chukua Marekani, hizi gesi zenye florini, za AC, za friji, za viwandani, ni kama asilimia 3 ya hewa chafu yao yote inayopasha dunia joto. Inasikika ndogo, ila ukiigeuza kuwa uzito wa kaboni dayoksaidi yenye joto sawa, ukaigawa kwa kila Mmarekani, inazidi nusu tani kwa mwaka. Mtanzania ukimpigia kaboni dayoksaidi ya mafuta, gesi na makaa ya mawe, vyote kwa mwaka mzima, hafiki hiyo nusu tani. Yaani gesi zao hizo peke yake zinatupita sisi na magari yetu na majenereta yetu. Hapo mwenzetu yuko sahihi na mimi nitamtetea popote.

Na ratiba ya Kigali ya 2016, yale makubaliano ya kimataifa ya kupunguza gesi hizi, inakubali hivyo hivyo. Nchi tajiri zilianza kupunguza 2019 na zinatakiwa ziwe zimekata asilimia 85 ifikapo 2036, kundi letu lilitakiwa lisimame lilipo 2024, tunaanza kukata asilimia 10 mwaka 2029 na kufika 80 mwaka 2045. R22 nayo, ile gesi ya zamani ya AC na friji, Marekani walifunga kutengeneza na kuingiza mpya 2020, sisi tuna mpaka 2030.

Lakini kuna upande wa pili. Mwezi wa nne nilipita kwenye kazi ya bucha moja mjini, kold rumu inayotumia gesi ya R404A, kompresa imekufa. Kijana wetu kafungua valvu, gesi inatoka kwa kelele, bomba la shaba limeganda barafu nyeupe mpaka kwenye nati, yeye kakaa pembeni anangoja iishe. Namuuliza akaniambia, mzee, si hewa tu hiyo inaenda juu. Simlaumu, hakuna aliyemfundisha, na hilo ni kosa letu viongozi. Mle ndani kulikuwa na kilo kama 5. Kilo moja ya R404A inapasha joto sawa na kilo 3,922 za kaboni dayoksaidi, piga mara 5 unapata tani 19 na ushee. Fungu la Mtanzania mmoja la mafuta, gesi na makaa ya mawe la zaidi ya miaka 35 limeondoka kabla chai haijapoa.

Halafu sisi hatutengenezi hata kilo moja ya gesi hizi, yote inaingia bandarini kwenye mitungi, au imo ndani ya magari ya Japani na friji za mitumba. Walionunua kipya wameshafaidi ubaridi wake, chombo kinakuja kuchoka mikononi mwetu, na siku fundi anapokifungua ile gesi inahesabika imetokea Tanzania. Hilo linaniuma kweli. Kama hatuinyonyi, basi kila kilo iliyoingia nchini ipo siku itakuwa hewani, ni suala la muda tu.

Tena tusidhani hesabu za kwenye karatasi zinatosha. Kuna gesi inaitwa HFC-23, inatoka kama uchafu viwandani wanapotengeneza R22, kilo moja ni kama kilo 14,800 za kaboni dayoksaidi. Viwanda vingi viko China na India, vililipwa pesa nyingi za nje ili viiteketeze, kwa kuuza hati za kupunguza hewa chafu, mpaka Ulaya ikakataa hati hizo kuanzia 2013. Nchi zikaripoti imepungua, wanasayansi wakapima hewa yenyewe, wakakuta mwaka 2018 ilitoka nyingi kuliko wakati wowote uliowahi kupimwa. Kwa hiyo tajiri anaripoti kila mwaka, anayeendelea anaripoti kwa kuchelewa, na hewa ina hesabu yake.

Jibu langu kwa mwenzetu ndio hilo. Deni kubwa ni lao, sitaki mtu atubebeshe, ila ukienda kudai deni bila daftari nani atakusikiliza? Leo gesi yetu wanaikadiria watu wengine kwa mizigo ya bandarini, sisi tunaoishika kila siku hatuna hata karatasi.

Kamati imekubaliana kuanzia mwezi ujao kila fundi awe na daftari: tarehe, aina ya gesi, uzito wa mtungi kabla na baada, na kiasi ulichonyonya. Mizani mbili za dijitali zimenunuliwa, moja itakaa kwa katibu na nyingine kwa mweka hazina. Madaftari nitayagawa mwenyewe kwenye mkutano, na yule kijana wa bucha amekubali kuwaonyesha wenzake mashine inavyofungwa, kajifunza wiki mbili tu na ameshaizoea kuliko mimi.