Usitie bolti nene yakhe, plaiwudi ndo inayoumwa

Assalaam alaykum yakhe,

Habari za Pemba, na wanao hawajambo? Sie huku Mjini wazima alhamdulillahi, masika yamekwisha na kusi limeshika. Picha zako za zile bolti za mashine ya boti zinazocheza tunduni nimeziona zote, na ile voisi ya kuwa fundi wako anataka utie bolti nene nimeisikiliza mpaka mwisho, ndo mana nimekaa nikuandikie hasa, mana nikikujibu juu juu utakwenda kufanya alivyokwambia fundi wako na mie sitaki kabisa.

Nnavyoona mie bolti haina neno na nati haina neno. Plaiwudi ndo imekwisha. Ule ubao wa nyuma unaobeba mashine ni plaiwudi iliyofungiwa ndani ya faiba, sasa bolti ikilegea kidogo tu maji ya chumvi yanapita tunduni yanaingia kati ya matabaka, ubao unalainika, mashine kila ikisukuma inaitikisa bolti, tundu linapanuka, maji yanazidi kuingia, na mchezo ndo huohuo kila ukitoka. Ukitia bolti nene unakula ule ubao kidogo uliobaki mzima na ule mbovu unauacha palepale, ikishapita miezi inacheza tena. Njiti za kibiriti na gundi nazo ni za bawaba za kabati, si za mashine ya boti ya nguvu ya farasi 15. Na bodifila ya magari usiitie kabisa, inakunywa maji halafu inapasuka.

Teremsha mashine, toa bolti zote, halafu chukua bisibisi nyembamba uchokoe pembeni mwa tundu kwa ndani. Pakiwa pazima bisibisi inagoma. Pakiwa pameoza inazama yenyewe na inatoka na uchafu mweusi wa majimaji wenye harufu ya mbao iliyolala tope. Gonga pia kwa mpini wa nyundo kuanzia tunduni ukienda mbali, palipo pazima panalia kwa ukali, palipooza panaitika kwa kububu, paweke alama ya penseli ujue ugonjwa umefika wapi. Kama umesambaa ubao mzima basi hapo hakuna kuziba tundu, ni kufungua faiba na kubadilisha plaiwudi, na usikubali kudanganywa. Lakini kwa picha ulizotuma nahisi ni pale pale kwenye bolti mbili za chini.

Bolti zako ni za milimita 8, basi toboa tundu mpaka 16 au hata 20, halafu pinda ncha ya msumari, ufunge kwenye drili, uzungushe mle ndani taratibu. Msumari unakula ubao laini katikati na faiba ya nje na ndani inabaki. Endelea mpaka unga unaotoka uwe mkavu na una rangi ya mbao. Kisha, na hapa wengi wanaparuka, suuza kwa maji baridi ya mfereji, yale ya bomba yasiyo chumvi, mana chumvi ikibaki mle inavuta unyevu kila siku na hapakauki. Baada ya hapo acha jua na upepo ufanye kazi yake, ukiwa na feni itie, usiwe na haraka. Ubao ukiwa na unyevu epoksi, ile gundi ngumu utakayojazia tundu, haishiki, kazi yote inakuwa bure.

Nimesema epoksi, si ile rezini ya kawaida wanayopigia faiba, ile kwenye mbao inabanduka. Epoksi ni ghali kweli lakini hapa hapana njia ya mkato. Vipimo vyake na hadina, ile dawa ya kuigandisha, fuata kopo lenyewe, usikisie kwa jicho, ukizidisha hadina haikauki haraka, inabaki laini milele. Changanya kidogo kidogo kwenye chombo kipana, kwa joto letu ukijaza kikombe inachemka yenyewe mpaka inatoa moshi. Na mimina baada ya alasiri ubao unapoanza kupoa, mana ubao ukipoa hewa yake inanywea na inaivuta epoksi ndani, ukimimina asubuhi jua linapanda hewa inatanuka unaona mapovu yanatoka na kila povu ni njia ya maji. Vaa gluvu yakhe, ile kitu ikizoea ngozi inakupa mwasho usioisha.

Ziba upande mmoja kwa selotepu ngumu, pakaza kwanza epoksi tupu kwa brashi mpaka ubao ukatae kunywa zaidi, halafu nyingine ichanganye na unga laini wa msasa na nyuzi za faiba ulizozikata kata, iwe nzito ukiinua kijiti isidondoke, ushindilie. Kama shimo ni kubwa jaza kwa awamu. Ikishakauka ndo unatoboa tena milimita 8 katikati, sasa bolti inapita ndani ya epoksi, haigusi ubao hata kidogo, siku ikilegea maji hayana pa kuingia. Mdomo wa tundu upanue kidogo kwa drili kubwa, sialanti ya boti, ile gundi ya kuzuia maji, ikae pale, weka washa pana, vile visahani vya chuma vya bolti, pande zote mbili, shika kichwa cha bolti kisizunguke na ukaze nati tu. Sialanti ikichungulia pembeni simama, iache ikauke, ndo umalizie kukaza.

Hiyo boti inavusha watu kisiwani Misali, ndo mana nasema sana.

Epoksi nnayo hapa kopo limebaki zaidi ya nusu pamoja na hadina yake, nitampa kijana wetu anayekuja Mkoani na boti, nitakupigia siku akiondoka umpokee bandarini. Na kabla hujamimina chochote nitumie picha ya ndani ya tundu, umulike tochi vizuri, nnataka kuiona rangi ya mbao.

Wasalaam,
mwenzio wa Mjini